Takataka za Mama Fagio

Mama Fagio alikuwa na fagio tatu. Wa kwanza ulikuwa wa ndani, laini, unakaa nyuma ya mlango wa jikoni. Wa pili ulikuwa wa uani, mgumu kidogo, unasimama kwenye kona karibu na tangi la maji. Wa tatu ulikuwa wa shamba. Ndiyo, wa shamba. Usirudi nyuma kusoma tena, macho yako hayana tatizo. Mama huyu alikuwa anafagia shamba.

Sisemi kupalilia. Magugu alikuwa anayang'oa kwa mkono kabla hata hayajajijua kuwa ni magugu. Nasema kufagia, ameinama, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika ufagio, kati ya mistari ya mahindi, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka ardhi inabaki na michirizi kama nywele zilizochanwa. Jani likidondoka, halilali chini. Kuku wa watu akikatiza, anafagiwa yeye pamoja na nyayo zake. Ukienda kumsalimia huko shambani, ukishaaga tu unasikia nyuma yako chwa, chwa, chwa. Anafuta ulipokanyaga.

Na hakuanza juzi. Mama yake mzazi alikuwa anakagua uwanja akiwa amepiga magoti, shavu karibu liguse chini, anatafuta kijiti. Mpaka ndoa Mama Fagio aliipata kwa ufagio. Baba mkwe wake alikuwa anapita tu kuulizia njia, akauona uwanja, akasahau alikokuwa anakwenda, akageuza kurudi kwake kumwambia mwanawe, "Nimekupatia mke." Kijana akauliza, "Mzuri?" Mzee akamjibu, "Yeye sijamwona. Nimeona uwanja."

Huyo mume, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa fundi redio, mtu mwenye heshima zake mtaani. Lakini akitaka kuingia shambani kumwita mkewe, anavua viatu, anavishika mkononi, anaingia kwa vidole vya miguu kama mwizi.

Shamba lenyewe lilikuwa nusu eka, hapo hapo nyuma ya nyumba, limeinama kidogo kuelekea barabarani. Uchafu wote uliotoka humo, mabua ya mahindi, maganda ya maharage, majani, kinyesi cha mbuzi wake wawili, Mama Fagio hakuwa anauchoma, kwa sababu moshi unachafua nguo kambani. Alikuwa anaujaza kwenye toroli, anausukuma mpaka mpakani, anaumwaga upande wa pili. Upande wa Mzee Kesho.

Mzee Kesho alikuwa mlinzi mstaafu wa ghala na rafiki wa zamani wa marehemu. Jina alilipata kwa kazi yake mwenyewe. Paa linavuja, kesho. Mlango umeng'oka bawaba, kesho. Shamba lake lilikuwa kama kitanda ambacho hakijatandikwa tangu kinunuliwe. Mabua ya mwaka juzi yamelala juu ya mabua ya mwaka jana, mbaazi zimejiotea zinapotaka, maboga yanatembelea popote bila kubisha hodi. Kuku akiingia humo peke yake anatoka baada ya wiki tatu na watoto tisa.

"Shemeji, nimekumwagia taka hapo mpakani," Mama Fagio alikuwa anamwambia.

"Hamna shida, shemeji. Nitazitoa kesho."

Kesho hiyo ilichukua miaka kumi na minne, na haikufika.

Sasa ikaja habari ya mvua. Zamani mvua ilikuwa na adabu. Inakuja leo kidogo, keshokutwa kidogo, inaondoka, inarudi. Siku hizi inafika mchana mmoja na mizigo yake yote, inapiga kelele, inavunja vunja, halafu inapotea wiki nne bila hata salamu. Na kwenye shamba la Mama Fagio maji yalikuwa hayana pa kushika. Yalikuwa yanateleza kama juu ya sahani, yanabeba udongo wa juu, yanakwenda kuumwaga barabarani. Na Mama Fagio akiona barabara imechafuka na udongo, unafikiri alifanya nini? Alichukua ufagio. Alikuwa anaufagia udongo wa shamba lake mwenyewe na kuutupa mtaroni, tena akijisifu kwamba barabara ya mbele ya kwake ndiyo safi kuliko zote.

Kilichobaki shambani kilikuwa mfinyanzi mtupu, mwekundu, mgumu. Ukipiga jembe linaita kama kengele ya shule. Mahindi yakawa yanaishia magotini, na magunzi yake yana mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili. Misimu mitatu hivyo hivyo.

Ndipo Fundi Tofali akaja.

Fundi Tofali alikuwa jamaa mnene, mpole, anayefyatua tofali za kuchoma na kuziuza mtaa mzima. Alikuja na mtoto mkubwa wa Mama Fagio, Dereva, aliyekuwa anaendesha lori la kubeba hizo tofali. Fundi akachuchumaa, akaigonga ardhi kwa konzi mara mbili, kama mtu anayechagua tikiti maji, akatega sikio. Uso ukamng'aa.

"Mama," akasema kwa upole kabisa, "hili sio shamba. Hizi ni tofali ambazo bado hazijakatwa."

"Umekuja kunitukana kwangu?"

"Nasifia, mama. Hakuna jani, hakuna mzizi, hakuna mdudu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini, sijaona udongo safi hivi. Nani amekutengenezea?"

Ilikuwa mara ya kwanza usafi wa Mama Fagio kusifiwa na sifa ikamuuma.

Dereva akamvuta mama yake pembeni. Hakuwa mtoto mbaya, alikuwa amechoka tu kuleta unga kila wikiendi. "Mama, eneo halikupi hata chakula cha miezi miwili. Fundi anasema chini ya futi mbili ni mwamba. Atachukua huo udongo wa juu, atatulipa, basi. Nyumba inabaki."

"Na huku nyuma kutabaki nini?"

"Shimo. Shimo kubwa kidogo."

"Nitafagia shimo, mwanangu? Baba yako aliingia hapa pekupeku miaka yote ile ili mimi nije kufagia shimo?"

Dereva akaangalia viatu vyake. Akasema haya, msimu mmoja. Ukivuna chakula cha kutufikisha msimu mwingine, tofali hazitajwi tena katika nyumba hii. Usipovuna, Fundi anaingia na kalibu zake za kufyatulia tofali. Fundi akaitikia kwa kichwa, akaipapasa ardhi kama anaaga mchumba, akaondoka. Nyayo zake zikafagiwa.

Wiki hiyo hiyo Mama Fagio akaenda ofisi ya kilimo, akarudi na Bibi Shamba nyuma ya pikipiki, au tuseme yeye ndiye alikuwa nyuma, amemkumbatia Bibi Shamba huku amefumba macho. Bibi Shamba alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mabuti ya mpira, mdomo usio na breki. Akaliangalia shamba, akauliza, "Hapa mnachezea mpira?"

"Hapa ni shambani, binti yangu."

Bibi Shamba akatoa chupa ya maji kwenye mfuko. Akamimina kidogo chini. Maji yakakaa juu ya udongo yanazungukazunguka yakitafuta njia, mwisho yakaamua kuteremka kuelekea barabarani kama yalivyozoea. Kisha akavuka mpaka, akasukuma majani kwa buti, akamimina upande wa Mzee Kesho. Maji yakapotea. Akamimina chupa yote. Yakapotea. Akachimba kwa mkono tu, bila jembe, akaibuka na konzi ya udongo mweusi unaomeguka kama keki, na ndani yake nyungunyungu wawili wanene wanaoshangaa kuamshwa.

"Huyu mzee anaweka mbolea gani?"

"Mbolea? Huyu?" Mama Fagio akacheka mpaka akajishika kiuno. "Huyu hajainama tangu astaafu. Hizo ni takataka zangu."

"Takataka zako?"

"Nammwagia mimi. Kila siku. Miaka kumi na minne."

Bibi Shamba akamwangalia, akaangalia shamba lile, akaangalia hili, akavua kofia ya pikipiki. "Mama, udongo unakula. Hayo mabua na majani ndiyo chakula chake na ndiyo blanketi lake. Yanazuia jua lisiuchome, yanapunguza kasi ya mvua, yakioza yanalisha hao wadudu, na wadudu ndio wanaotoboa njia za maji. Wewe wa kwako umeuacha uchi na njaa. Ukapakua chakula chote ukampelekea jirani."

Ukiwa karibu ungesikia hesabu zikigonga kichwani mwa Mama Fagio. Kisha akavuta toroli.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kudai vitu vyangu."

Alimkuta Mzee Kesho amekaa kwenye kigoda mlangoni, anasubiri hamu ya kufanya kitu.

"Shemeji, nimekuja kuchukua takataka zangu."

"Karibu. Zipi?"

"Zote."

"Shemeji, nyingine zimeshakuwa udongo."

"Basi nipe huo udongo."

"Udongo una mahindi juu yake."

"Hayo mahindi yamekula kwangu miaka kumi na minne, hayajawahi kusema asante."

Mzee Kesho akakuna kidevu. Akasema kitu ulichonipa hukidai tena, tungekuwa tunafanya hivyo marehemu angekuwa alishaidai ile redio aliyonipa. Mama Fagio akasema sikukupa, nilikutupia, na kutupiwa si kupewa. Mzee akasema basi kama ni uchafu uliotupa, unautakia nini? Mama akasema uchafu wangu unanihusu. Waliendelea hivyo mpaka chai ya mzee ikapoa, akampa yeye ainywe, akainywa, wakaendelea.

Mwisho mzee akasema, "Haya. Chukua mabua, chukua majani, chukua samadi yote iliyo juu. Lakini nami nataka rehani."

"Rehani gani?"

"Ufagio wa shamba. Nakujua, shemeji. Nikikupa leo majani, asubuhi utakuwa umenirudishia. Ufagio unakaa kwangu mpaka uvune."

Mama Fagio akashika mwimo wa mlango. Bibi Shamba, ambaye alikuwa amemfuata, akasema mzee amesema jambo la maana kuliko semina zote alizowahi kuhudhuria.

Ufagio ukavuka mpaka siku hiyo. Mama Fagio aliubeba mwenyewe, ameulaza mikononi kama mtoto. "Usiusimamishe kwa njiti," akamwambia. "Unapinda."

"Nitauning'iniza."

"Lini?"

"Kesho."

Kazi ikaanza. Bibi Shamba akamwonyesha kuchimba mashimo, kila moja upana wa beseni na kina cha goti, shamba zima, halafu kujaza humo mabua, majani na samadi na kurudishia udongo kidogo, shimo likiachwa na bonde juu ili maji yakija yasimame na yazame. Mahindi yanapandwa humo humo, maharage na mbaazi katikati. Juu ya ardhi yote iliyobaki, matandazo, yaani nyasi kavu na mabua ya kufunika udongo, usionekane hata kidogo. Mashimo yalikuwa zaidi ya mia tano. Mama Fagio akachimba karibu nusu yake mwenyewe, na Dereva nusu nyingine siku za mapumziko, akilalamika kila shimo. Fundi Tofali akipita barabarani anaona mfinyanzi wake mtamu unachanganywa na kinyesi cha mbuzi, anageuza uso.

Kuchimba hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuangalia. Siku ya kwanza ya matandazo Mama Fagio alikaa dirishani akitazama shamba lake limejaa takataka, na mkono wake wa kulia ukawa unatikisika wenyewe, kushoto kulia. Watu wakipita anatoka mbio. "Msinione hivi, jamani. Ni ushauri wa wataalamu." Mtu hajauliza. Akaanza kupanga nyasi zote zielekee upande mmoja. Akapanga mabua kwa urefu, madogo mbele, makubwa nyuma, kama picha ya darasa. Siku moja Bibi Shamba alimkuta anapangusa majani makavu kwa kitambaa chenye unyevu, moja moja.

"Mama, unafanya nini?"

"Yana vumbi."

"Mama. Ni ya kuoza."

"Yakioza yaoze safi."

Na hapo ndipo kosa lilipotokea. Kulikuwa na mstari mmoja, ule wa mwisho kabisa, unaopakana na barabara, unaoonekana na kila anayepita kwenda sokoni. Mama Fagio alivumilia siku kumi. Siku ya kumi na moja alipita mama mmoja na bintiye anayetaka kuolewa, akasikia yule mama anasema, "Hapa ndipo nilitaka nikulete ujifunze usafi. Sijui kapatwa na nini." Mama Fagio akaingia jikoni, akatoka na ule ufagio wa ndani, ule laini, ambao haukuwa kwenye mkataba, akafagia mstari ule mmoja mpaka ukang'aa. Akafukia na mabonde ya mashimo yake, yasawazike. Akajisikia kama mtu aliyekunwa mgongo.

Mvua ilikuja kama kawaida yake, mchana mmoja, vurugu tupu. Safari hii maji hayakufika barabarani, isipokuwa ya ule mstari. Kisha ikaondoka. Jua likawaka wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mitaa yote mahindi yakakunja majani kama miavuli. Shamba la Mama Fagio likabaki kijani, huko chini ya nyasi ukitia kidole unakuta ubaridi. Shamba lote, kasoro mstari mmoja. Huo ukakauka wima, kahawia, mfupi, peke yake, pale pale barabarani ambapo kila mtu anaona.

Mzee Kesho alikuja kwa miguu yake mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, akasimama mbele ya ule mstari, mikono nyuma.

"Shemeji, hawa wamepatwa na nini?"

"Sijui. Labda mbegu."

"Mbegu zimejua kujipanga. Zimekufa kwa mstari."

Mama Fagio akaangalia mbali.

"Mimi ufagio wa shamba ninao," mzee akasema. "Kwa hiyo hii ni kazi ya ufagio wa ndani ama wa uani?"

"Wa ndani," akajibu kwa sauti ya chini.

Siku hiyo hiyo alifunika mstari ule kwa nyasi nene, akazifungia kabatini fagio zake mbili zilizobaki na ufunguo akampa Dereva. Wiki nzima Dereva akawa anapita na lori kufagia nyumba. Alifagia vibaya sana. Mama akavumilia.

Mavuno yakaja. Kusema kweli hayakuwa ya ajabu. Magunia ya mahindi yalikuwa matatu, na maharage ndoo tatu, wakati mtaa mzima watu walikuwa wanavuna majani. Dereva alisimama anayaangalia, anakuna shingo. Chakula cha kuwafikisha msimu mwingine kilikuwepo, kwa kubana. Kwa kubana sana. Na Fundi Tofali alikuwa amesimama pembeni na kalibu yake mkononi, ametega sikio.

"Ahadi ni ahadi," Dereva akasema polepole. "Lakini mama, hiki ni cha kubana. Mvua ikigoma tena mwakani? Wacha fundi apime tu. Apime, tujue."

Mama Fagio akakaa chini kwenye nyasi. Hakubishana. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikalia takataka bila kutandika kitu.

Fundi akaingia shambani kwa furaha, akachimba ndoo ya udongo. Akachungulia, akaguna. Akasogea hatua tano akachimba kwingine. Akaguna zaidi. Akachimba sehemu ya tatu, ya nne, mpaka kwenye ule mstari wa barabarani, nao ulishakuwa na nyungunyungu. Hata hivyo akaukanda udongo kwa maji, akaushindilia kwenye kalibu, akasawazisha juu kwa kiganja, akainua kalibu taratibu.

Tofali likakaa sekunde moja. Likapata ufa. Likainama upande kama mlevi anayetafuta ukuta, likafumuka lote, na katikati yake akatoka nyungunyungu mmoja, akajinyoosha, akaondoka.

Fundi Tofali akavua kofia. Alikuwa na huzuni ya kweli.

"Mama, udongo umeharibika."

"Unasemaje?"

"Umeuharibu. Umejaa majani, umejaa mizizi, umejaa wadudu, haushikani hata kidogo. Huu hauwezi kuwa tofali tena maisha yake yote. Ulikuwa udongo mzuri jamani. Mmeuua."

Mama Fagio akasimama. "Rudia."

"Udongo umeharibika."

"Dereva, umesikia? Fundi, twende barabarani ukaseme tena. Kwa sauti. Yule mama wa binti anayeolewa anapita muda huu."

Akamshika mkono, akamtoa mpaka nje, na yule mtu mnene, mpole, akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba katika miaka ishirini hajaona udongo ulioharibika kama wa mama huyu. Watu wakampa pole. Mama Fagio akaipokea kila pole kwa tabasamu, kama bi harusi anayepokea zawadi. Dereva alikuwa amegeuka upande wa lori, anajifanya anakagua tairi, mabega yanatikisika kwa kicheko. Kisha akachukua ile kalibu iliyosahaulika chini, akamrudishia Fundi, akamwambia twende, kuna udongo mwingine mzuri huko mbele, hapa pamekufa.

Jioni, jua halijazama, hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Kesho, amebeba ufagio wa shamba, ameupangusa vizuri, njiti juu. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwona akirudisha kitu siku ile ile kilipotakiwa.

"Umeshavuna, shemeji. Rehani yako hii."

Mama Fagio akauangalia ufagio. Akaangalia shamba, mabua yamelala ovyo, nyasi kila upande, jani moja la mbaazi linadondoka taratibu. Mkono wake wa kulia ukaanza tena, kushoto kulia. Akaushika kwa mkono wa kushoto.

"Kaa nao tu, shemeji," akasema. "Niletee kesho."